Belle Glade, Florida: mji unaoishi kwa udongo unaopungua kila mwaka

Mashariki kidogo ya mji wa Belle Glade, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Florida, kuna nguzo ya zege iliyozamishwa ardhini mwaka 1924. Urefu wake ni mita 2.7. Ilipenya udongo wote mpaka ikagota mwamba wa chokaa, na kichwa chake kikaachwa sawa na uso wa ardhi. Nguzo haijasogea tangu siku hiyo. Kilichosogea ni ardhi: karibu mita 1.8 za nguzo sasa ziko wazi. Udongo uliokuwa pale haukuchukuliwa na mafuriko wala haukuchimbwa. Sehemu kubwa yake imegeuka hewa.

Kisa cha Belle Glade hueleweka vizuri kikisomwa kwa kipimo kimoja tu, yaani kina cha maji ya ardhini chini ya uso wa shamba. Zao gani lipandwe, pampu iwashwe lini, nyumba ijengwe vipi na shamba lidumu miaka mingapi, yote yanafuata kipimo hicho. Mambo mengine yanayosemwa kuhusu mji huu ni ya kweli, lakini ni matawi tu.

Mji na ziwa lake

Belle Glade uko ukingo wa kusini-mashariki wa Ziwa Okeechobee, katika Kaunti ya Palm Beach, penye mfereji wa Hillsboro unaotoka ziwani kwenda Bahari ya Atlantiki. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 16,698. Kibao cha mji kina kaulimbiu isemayo kwamba udongo wake ndio utajiri wake. Ziwa lenyewe ni pana kama sinia: kilomita za mraba 1,900 hivi, lakini kina cha wastani ni mita 2.7 tu.

Zamani ziwa hili halikuwa na ukingo wa kusini ulio imara. Mvua ikizidi, maji yalimwagika taratibu, yakapita katika ukanda wa msitu wa miti ya jamii ya mtopetope, kisha yakatambaa kusini katika nyasi ndefu zenye makali ya msumeno. Nyasi zilikufa majini na hazikuoza zikaisha, kwa kuwa hewa ya oksijeni hupenya maji mara maelfu polepole kuliko inavyopenya udongo mkavu. Kwa takriban miaka 5,000 mabaki hayo yalirundikana juu ya mwamba wa chokaa, yakawa mboji nyeusi yenye unene wa zaidi ya mita 3 karibu na ziwa.

Gavana Napoleon Bonaparte Broward, aliyeongoza Florida kuanzia 1905 hadi 1909, ndiye aliyeifanya kazi ya kuikausha nchi hiyo kuwa sera ya jimbo. Mifereji ikachimbwa kutoka ziwani hadi baharini, na walowezi wakaja kwa matumaini makubwa. Wengi walishindwa. Mazao yaliyopandwa katika mboji ya nyasi yalidumaa na kunyauka ingawa udongo ulionekana mnono kupita kiasi. Kituo cha Belle Glade ndicho kilichofumbua fumbo hilo katika miaka ya 1920: mboji ile haikuwa na shaba ya kutosha. Mrututu, yaani chumvi ya shaba, makumi machache ya kilo kwa hekta, uliigeuza ardhi tasa kuwa shamba. Ugunduzi huo ulitangazwa mwaka 1927, na mwaka uliofuata Belle Glade ikapata hadhi rasmi ya mji.

Usiku wa tarehe 16 Septemba 1928 kimbunga kiliusukuma mwili wa ziwa kuelekea kusini. Tuta la udongo lililokuwepo lilikuwa fupi na dhaifu, likabomoka. Idadi inayotumika rasmi sasa ni watu wasiopungua 2,500 waliokufa. Wengi wao walikuwa vibarua weusi wa mashambani, wakiwemo wahamiaji wengi kutoka visiwa vya Bahamas. Takriban 1,600 walizikwa katika kaburi la pamoja huko Port Mayaca. Katika mji wa West Palm Beach maiti 674 za watu weusi zilitupwa katika shimo moja, wakati wazungu waliwekwa kwenye majeneza katika makaburi ya Woodlawn. Shimo lile lilikaa miongo mingi bila hata alama. Hilo ni sehemu ya historia ya mji huu na halifai kurukwa.

Serikali ya Marekani ilijibu kwa kujenga tuta jipya kuanzia miaka ya 1930, likaitwa Herbert Hoover. Baadaye lilipanuliwa mpaka likazunguka karibu ziwa zima, kilomita 230. Lilijengwa kwa vilivyopatikana jirani: mchanga, makombe, changarawe na mboji. Vitu hivyo hupitisha maji. Ziwa likijaa, maji huchuruzika ndani ya tuta yakibeba chembe za mchanga, njia ya mchuruziko hupanuka, na tuta huweza kuliwa kutoka ndani bila maji kupita juu yake. Tiba iliyokamilika Januari 2023 ilikuwa kuchimba handaki jembamba katikati ya tuta hadi kwenye mwamba na kulijaza mchanganyiko wa saruji na udongo mfinyanzi, kwa urefu wa kilomita 90 hivi, pamoja na kubadilisha au kuziba makaravati yaliyochakaa. Gharama yote ilizidi dola bilioni moja.

Tuta ndilo lililowapa watu ujasiri wa kuweka fedha nyuma yake. Marekani ilipoacha kununua sukari ya Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1960, miwa ilienea kwa kasi. Wakulima waliunda ushirika mwaka 1960, na kiwanda chao cha Belle Glade kilianza kusaga mwaka 1962. Leo eneo la kilimo lililo kusini mwa ziwa lina hekta zipatazo 280,000, na zaidi ya nusu yake ni miwa. Penginepo ni mahindi matamu, saladi, figili, maharagwe mabichi, nyasi za bustani na mpunga.

Kwa nini udongo unapotea

Mboji ikikaushwa hupungua kwa njia nne. Kwanza hunywea: maji yakitoka, udongo uliokuwa ukielea hujikalia wenyewe na kushindiliwa. Hiyo hutokea mapema, miaka ya mwanzo ya kuchimba mifereji. Pili ni moto, kwani mboji kavu huwaka chini kwa chini. Tatu ni upepo juu ya shamba lililolimwa likaachwa wazi. Ya nne haina msimu wala kelele: bakteria wanaopata hewa huila mboji na kuitoa kama kaboni dayoksaidi. Kwa muda mrefu hii ya nne ndiyo inayochukua sehemu kubwa kuliko zote.

Vitu viwili huamua kasi yake. Cha kwanza ni kina cha maji, kwani bakteria hufanya kazi katika tabaka kavu tu. Ukiteremsha maji kutoka sentimita 40 hadi 80, umewapa takriban mara mbili ya chakula. Cha pili ni joto: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka katika udongo, kasi huwa karibu maradufu. Hapo ndipo hali ya hewa ya Belle Glade inapouumiza mji. Jua la Florida kusini linalowezesha mboga kuota Januari, wakati mashamba ya kaskazini mwa Marekani yamefunikwa theluji, ndilo linalowapa bakteria kazi mwaka mzima.

Vipimo vya miongo ya mwanzo vilionyesha upungufu wa takriban sentimita 2.5 kwa mwaka. Vya baadaye vilishuka hadi karibu sentimita 1.4. Nafuu hiyo ina sababu. Miwa huvumilia maji ya juu kuliko mboga. Hupandwa mara moja, ikavunwa, kisha ikavunwa tena mara mbili au tatu kwa machipukizi kabla ya shamba kulimwa upya, kwa hiyo jembe halifungui udongo kila msimu. Zaidi ya hayo, mboji inayobaki ina madini mengi kwa uwiano na sehemu ngumu kuliwa. Anayelaumu miwa kwa kila kitu katika eneo hili anapaswa kulikubali hili: kwa udongo wenyewe, miwa imekuwa afadhali kuliko bustani za mboga.

Ukubwa wa jambo unaonekana kwa hesabu fupi. Sentimita 1.4 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 140. Udongo huu ni mwepesi. Tukichukua kilo 350 kavu kwa mita ya ujazo, ni tani 49 kwa mwaka. Ukiwa na nitrojeni ya asilimia 2.5 hadi 3, hekta hiyo inafungua zaidi ya tani moja ya nitrojeni kila mwaka. Ndiyo maana miwa ya kwenye mboji haiwekewi mbolea ya nitrojeni kabisa. Mavuno mazuri na kupotea kwa ardhi ni kitu kilekile. Zao huchukua sehemu ndogo tu ya nitrojeni hiyo, na iliyobaki hurudi hewani au huingia mferejini.

Pampu, mfereji na hofu ya mvua

Shamba la kawaida hapa ni la ekari 40: upana wa mita 200 na urefu wa mita 800, likiwa na mfereji kila upande. Mifereji midogo inamwaga katika mfereji wa shamba zima, na mwisho wake kuna pampu inayoweza kutoa maji au kuyaingiza. Hakuna kunyunyizia kwingi. Ukitaka kumwagilia, unainua maji mferejini, nayo hupenya pembeni chini ya udongo mpaka yafikie mizizi. Ili maji yafike katikati ya shamba, trekta huburuta kipande cha chuma chenye umbo la risasi chini ya uso wa ardhi, kikiacha tundu kama shimo la fuko. Matundu hayo huziba baada ya muda, na mkulima asipoyarudia, katikati ya shamba huwa na maji tofauti kabisa na pembeni. Anayesoma kipimo cha mferejini tu hudanganyika. Kisima kidogo cha kupimia, bomba lenye matundu, huwekwa katikati ya shamba.

Kwa miwa, maji ya sentimita 40 hadi 60 chini ya uso yanatosha. Utafiti uliofanywa huko Belle Glade na katika kituo jirani cha miwa cha Canal Point umeonyesha kwamba aina kadhaa za miwa hustahimili mafuriko ya siku saba yanayojirudia, kwa kuwa mashina na mizizi yake hujenga vijia vya hewa. Saladi au maharagwe hayana uwezo huo. Siku moja ya maji kwenye mizizi inaweza kumaliza zao.

Kosa la kawaida kabisa liko hapa. Mvua nyingi huanguka kati ya Mei na Oktoba, kwa ngurumo za mchana zinazoweza kumwaga milimita 75 kwa saa chache. Mfumo mkubwa wa mifereji na pampu za eneo zima ulipangwa kuondoa takriban milimita 19 kwa siku. Mkulima anayeijua hesabu hiyo huwasha pampu mapema, kabla mvua haijafika, ili apate nafasi ya kuipokea. Mvua isipokuja, shamba limebaki kavu hadi sentimita 90 wiki nzima katika joto la Julai. Hasara ya mafuriko anaiona kesho yake, ilhali hasara ya udongo italetwa na miaka 40 na pengine itamkuta mwingine. Katika ardhi ya kukodi, mpangaji hana sababu ya kulinda sentimita ambazo hatazilima. Hatudhani tatizo hili litaisha kwa mafunzo pekee; mkataba wa kukodi unaotaja kina cha maji ungefanya kazi kuliko semina kumi.

Msaada mmoja ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwaza udongo. Fosforasi ya mashambani ilikuwa ikiharibu kinamasi cha Everglades kusini, na sheria ya jimbo ya 1994 ikaimarisha mpango unaolitaka eneo la kilimo lipunguze fosforasi inayotoka kwa asilimia 25. Njia rahisi ya kutimiza hilo ni kuchelewesha pampu: kuacha milimita 13 hadi 25 za kwanza za mvua zibaki shambani. Maji yakibaki, hewa haiingii. Hivyo sheria ya maji safi imehifadhi mboji pia.

Njia yenye nguvu zaidi ni mpunga. Shamba likitoka kwenye miwa au mboga, badala ya kuachwa tupu kiangazi kizima, hufurikwa na kupandwa mpunga. Maji yaliyosimama huzuia hewa katika miezi yenye joto kali kuliko yote, huua minyoofundo (minyoo midogo inayoshambulia mizizi) na mabuu ya wadudu yanayokula mizizi ya miwa, na huacha zao la kuuzwa. Hata asiyetaka mpunga hupata faida ya udongo kwa kufurika tu. Kasoro yake ni kutoa maji: yakifunguliwa haraka hubeba tope jepesi lenye fosforasi nyingi. Inafaa yateremshwe polepole, yatulie kwanza katika shimo la kuchuja lililochimbwa kabla ya pampu.

Kwa wanaolima mabonde ya mafunjo

Mabonde ya Kabale nchini Uganda na kinamasi cha Rugezi nchini Rwanda yana mboji ya aina hii, iliyotokana na mafunjo badala ya nyasi za Florida. Baridi ya milimani hupunguza kasi lakini haiizuii. Rugezi ilipokaushwa kwa kilimo, maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalishuka, na mwaka 2003 na 2004 umeme wa kituo cha Ntaruka kinachotegemea maji hayo ukapungua sana kabla kinamasi hakijarudishiwa maji. Kupima hakuhitaji maabara. Bomba la chuma lisiloshika kutu hushindiliwa mpaka ligote udongo mgumu au mwamba, alama huwekwa usawa wa ardhi, na kipimo huchukuliwa mwezi uleule kila mwaka, kwa kuwa mboji huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Bomba moja halitoshi. Weka angalau matatu: karibu na mfereji, katikati ya shamba, na mahali pasipolimwa. Pembeni mwake weka kisima cha kupimia maji na uandike kina kila wiki. Baada ya miaka mitatu, uhusiano kati ya safu hizo mbili za namba huanza kuonekana.

Ndani ya mji

Sehemu kubwa ya Belle Glade yenyewe iko karibu na ziwa, ambako mboji imechanganyika na udongo mfinyanzi ulioletwa na mafuriko ya kale. Udongo huo hupungua polepole kuliko ule wa mashambani. Hata hivyo hakuna anayejenga juu yake moja kwa moja akapona. Mjenzi ana njia mbili: kuondoa mboji yote na kujaza mchanga na kokoto, au kushusha nguzo mpaka mwamba. Ya pili huacha nyumba imara na ua unaoshuka. Katika kituo cha utafiti kuna jengo la zamani la nguzo ambalo limeongezewa ngazi kadiri ardhi ilivyozama, na nafasi iliyofunguka chini yake imezibwa kwa fito. Mabomba ya maji taka yanayotoka katika nyumba thabiti kwenda kwenye udongo unaoshuka hukatika penye ukuta; kiungo kinachopinda ni lazima, si pambo. Barabara zinazopita mahali palipojazwa na mahali pasipojazwa huwa na mawimbi.

Maji ya kunywa yalitoka ziwani kwa miaka mingi. Yalikuwa na mabaki mengi ya mimea, na klorini ikikutana na mabaki hayo hutengeneza kemikali zisizofaa kunywewa. Tangu 2008 mtambo wa kaunti unaohudumia Belle Glade, Pahokee na South Bay huchota maji ya chumvi kiasi kutoka mwamba wa kina kirefu na kuyachuja kwa shinikizo.

Ziwa lina faida nyingine isiyosemwa sana. Pepo za baridi za Desemba hadi Februari hutoka kaskazini-magharibi, na zikipita juu ya maji huwasili Belle Glade na Pahokee zikiwa zimepata joto. Mashamba yaliyo mbali na ziwa huganda wakati ya hapa yamenusurika. Mboji kavu haihifadhi joto vizuri, kwa hiyo usiku wa hatari wakulima huinua maji mferejini: udongo ulioloa huachia joto zaidi kuelekea alfajiri.

Mwamba unapokaribia

Wataalamu wa hapa hugawa udongo kwa unene wake juu ya chokaa, na majina ya tabaka hizo hutumika hata katika mikataba. Zaidi ya sentimita 130 ni Terra Ceia, 90 hadi 130 ni Pahokee, 50 hadi 90 ni Lauderhill, na chini ya 50 ni Dania. Kwa upungufu wa sentimita 1.4, shamba la sentimita 90 lina miaka 64 kufika mwamba mtupu, lakini matatizo huanza zamani kabla ya hapo.

Jembe likigusa chokaa, huipandisha juu na pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) hupanda. Manganizi, chuma na zinki hujifunga katika udongo, na majani machanga hugeuka njano yenye mistari. Mkulima hunyunyiza manganizi kwenye majani na kuweka salfa kushusha pH, lakini salfa inapokutana na chokaa nyingi huishiwa nguvu kabla ya msimu kwisha. Kuweka salfa katika mstari wa mbegu tu, badala ya shamba zima, hupunguza gharama ingawa hakuondoi chanzo. Nafasi ya kuhifadhi maji ya mvua nayo huwa ndogo, kwa hiyo shamba jembamba hufurika haraka na kukauka haraka, na pampu hufanya kazi mara mbili. Mifereji haiwezi kuongezwa kina bila kuvunja mwamba.

Wakati huohuo ardhi nyingi nyuma ya tuta imeshuka chini ya kiwango ambacho ziwa hufikia, na pia chini ya vinamasi vilivyohifadhiwa kusini. Mteremko wa asili uliokuwa ukipeleka maji kusini bila mashine haupo tena. Maji lazima yasukumwe. Baadhi ya ardhi ya kilimo ya kusini tayari imegeuzwa mabwawa ya kuchuja fosforasi, na linajengwa bwawa la hekta 4,250 litakaloshika maji kwa kina cha mita 7 hivi kabla ya kuyapeleka Everglades.

Kwa mashamba yanayobaki, unene wa udongo ndio unaopanga zao. Penye zaidi ya sentimita 90 mboga bado zinalipa. Kati ya 50 na 90 inafaa miwa yenye kustahimili maji, ikipishana na mpunga, na maji yasishushwe zaidi ya sentimita 50. Chini ya hapo jembe liwekwe kando kadiri inavyowezekana, machipukizi yavunwe mizunguko mingi zaidi, na kiangazi chochote ambacho shamba halina zao lifunikwe maji kuanzia Mei.